Mguu wa Fundi Adalbert

Mtu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, aliyetaka abacost, suti ile isiyo na tai, ya kumkaa vizuri mabegani alielekezwa kwa Adalbert Murhula. Cherehani yake ilikaa barazani, kwenye njia inayoteremka kutoka sokoni, na juma zima ungeisikia kabla hujamwona mwenyewe: mguu wa kulia kwenye kanyagio, kisigino na vidole, kisigino na vidole, kitambaa kikipita chini ya sindano kama maji. Jumapili alivua tepu shingoni, akavaa abacost yake ya kahawia, akapanda kanisani kupiga kinanda. Kwenye kitambulisho aliandikwa Murhula tu, maana majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyakataza. Lakini ukishavuka mlango wa kanisa alikuwa Adalbert, kama mkewe alivyokuwa Anne-Marie, na hakuna aliyeshtuka.

Kinanda alichokipiga kwa miaka mingi kilikuwa armonium iliyoachwa na mapadri wa kwanza. Chini yake kulikuwa na mivukuto, na mpigaji alipaswa kuikanyaga muda wote wa wimbo; akichoka, sauti inakufa. Adalbert hakuchoka. Waimbaji walikuwa wakisema miguu ya Papa Adalbert haijui Jumapili, naye alilipenda neno hilo kuliko alivyoonyesha.

Lakini panya hawajali nyimbo. Walitoboa mivukuto, Adalbert akashona viraka vya ngozi, wakatoboa tena, mpaka armonium ikawa inakohoa kuliko kuimba. Ndipo Padri Lucien, paroko, aliporudi kutoka masomoni Ubelgiji na makasha mawili makubwa yaliyofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na kinanda cha umeme, cha aina ile inayopigwa na wanamuziki jukwaani, ila hiki kilijua pia kutoa sauti ya ogani kubwa za kanisa.

Aliyeitwa kukiunganisha ni Polycarpe, fundi wa umeme wa mtaa wa Bagira. Ndiye aliyeweka taa za kanisa na kipaza sauti cha padri, na funguo za kabati la umeme zilikaa mfukoni mwake. Alikuwa kijana wa watoto watatu, mwenye maneno machache, na alipofanya kazi aliweka bisibisi mdomoni kama wengine wanavyoweka kiko.

Siku ile walikuwa wawili tu kanisani. Polycarpe alifungua miguu ya chuma iliyopishana kama mkasi, akaikaza, wakabeba kinanda na kukilaza juu yake. Akachomeka waya mmoja kwenye ampli, sanduku la kukuza sauti, mwingine ukutani, akabonyeza swichi. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Adalbert akaweka kidole kwenye kibao kimoja, na sauti ikatoka, ikasimama pale pale, haipungui, haichoki.

Adalbert aliinama kutazama chini. "Hewa inatoka wapi?"

"Hewa haiko, Papa. Ni courant tu, umeme."

Juu ya vibao kulikuwa na vijiti vya kuvuta, vimepangwa safu moja. Polycarpe alivivuta kimoja kimoja huku Adalbert ameshikilia kibao. Cha kwanza kilileta sauti nzito kama wanaume wazee wakiguna; cha katikati kikaongeza mwili; cha mwisho kikaleta sauti nyembamba ya filimbi. Kulikuwa na swichi ya kuifanya sauti izunguke, kama spika inageuka ndani ya sanduku, na nyingine ya kukigawa kinanda, mkono wa kushoto upige besi peke yake. Adalbert alihisi machozi yakimpanda, akakohoa ili Polycarpe asione.

Mwisho Polycarpe alitoa kwenye kasha pedali moja nyeusi, akaiweka sakafuni.

"Hii, Papa, ni ya sauti. Ukisukuma vidole mbele, inapanda. Ukirudisha kisigino, inashuka. Utaitafutia fasi yake, kisha uache mguu pale pale. Usiitikise."

"Nimesikia," Adalbert alijibu, na jibu lake lilikuwa fupi kidogo kuliko ilivyohitajika. Mtu aliyeishi kwa mguu wake hafundishwi kukanyaga.

Kwa kuwa nyaya zilizoning'inia hazikupendeza mbele ya altare, Adalbert alishona pazia. Kitambaa cheupe, pindo la lasi, kikafungwa kuzunguka kinanda hadi chini. Watu walikisifu kinanda na wakalisifu pazia. Hakuna aliyeweza tena kuona nyaya, wala pedali, wala miguu ya mpigaji.

Jumapili ya kwanza sauti iliyumba. Wimbo wa kuingia ulianza kwa nguvu, ukazama, ukainuka tena, ukazama, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa nyumba yenye sherehe. Eulalie, mwalimu aliyeongoza kwaya, aligeuka na kumtazama Adalbert. Adalbert akainua mabega: si mimi.

Polycarpe alikuja katikati ya juma, akabonyeza vibao kwa mkono mmoja akiwa amesimama, na sauti ilikuwa imara kama ukuta. Jumapili ikayumba. Akabadilisha fishi ya kuchomeka ukutani. Ikayumba. Akaleta stabilizeta aliyoiazima, maana kila mtu alijua umeme wa mji ule ulivyopanda na kushuka, akaitenga laini ya kinanda na laini ya taa. Alipojaribu mwenyewe, imara. Adalbert alipoketi na kwaya ikaanza, bahari.

Jioni moja ya mazoezi, waimbaji wakiwa wamekaa wanangoja, Polycarpe alikuja karibu na kinanda akasema kwa sauti ya chini, "Papa, samahani. Mguu yako iko inatulia kwa pédale?"

Adalbert aliinua kichwa. Angeweza kujibu kwa sauti ile ile ya chini. Badala yake aliwageukia waimbaji.

"Musikie huyu! Miye natia mguu kwa cherehani tangu yeye iko kwa mugongo ya mama yake, leo anakuja kuniuliza juu ya mguu!" Waimbaji wakacheka. "Mbele ya Mungu na mbele ya altare hii, mguu yangu haitikisike. Angalia kamba zako za courant."

"Ndiyo, Papa," Polycarpe alisema, akarudi kwenye kabati lake la umeme.

Ikafika Pasaka. Kanisa lilijaa hadi madirishani, wakubwa wa mji wakiwa kwenye viti vya mbele, mabega yao yote yakiwa kazi ya Adalbert. Ulipofika wimbo wa Utukufu, kengele zikalia, na kinanda kikapaa kwa ukelele uliowafanya watoto wazibe masikio. Halafu kikazama kabisa. Kikapaa tena. Wanawake wa sauti ya juu walipoteza mahali, wanaume wakawahi mbele, na kutoka mabenchi ya nyuma mtu akacheka. Kicheko hicho kilikimbia kanisani kama moto wa nyasi. Padri Lucien aliinua mkono. Wimbo ukamalizika bila kinanda, na Adalbert alikaa na mikono mapajani, masikio yakimwaka, hadi misa ikaisha.

Uani, wazee wa parokia walikusanyika. Padri aliuliza kwa upole kilichotokea.

"Kinanda ni kizima," Adalbert alisema, na kila mtu uani alimsikia. "Mikono yangu ni mizima. Kilichobaki ni kazi ya huyu. Ametuharibia Pasaka. Kama kazi haijue, aseme tu haijue."

Wote walimtazama Polycarpe. Alikuwa na bisibisi mkononi, na akawa anaifuta kwenye shati lake safi la sikukuu.

"Nitaangalia tena," alisema.

"Umeangalia sana, mwanangu," alisema Padri Lucien, akanyoosha mkono. Polycarpe akatoa funguo za kabati mfukoni, akamkabidhi.

Kinanda kikafunikwa, hadi apatikane fundi mwingine. Lakini Adalbert hakuweza kukaa mbali nacho. Mchana mmoja wa mvua kubwa alipanda kanisani peke yake. Maji yalikuwa yameingia chini ya mlango na kutambaa hadi kwenye kinanda, kwa hiyo aliiokota pedali na waya wake, akaiweka juu ya kiti cha jirani isilowe. Akawasha. Akapiga wimbo mzima wa matoleo, kutoka mwanzo hadi mwisho, na sauti haikutikisika hata mara moja. Aliupiga tena. Imara, tamu, pana. Akashukuru kwamba umeme siku hiyo ulikuwa mzuri.

Mvua ilipopungua alifuta sakafu kwa tambara, akarudisha pedali chini, akaweka mguu, akaanza upya. Sauti ikapanda, ikazama, ikapanda.

Mikono iliendelea kucheza. Aliinama pembeni bila kuacha kupiga, akalisukuma pazia kwa kiwiko, akatazama. Mguu ulikuwa unaenda. Kisigino na vidole, kisigino na vidole, bila haraka, kama uko kazini unashona suruali. Hakuwa ameutuma. Aliuambia usimame, ukasimama. Akarudisha macho kwenye vibao, na kabla ubeti haujaisha sauti ilikuwa inayumba tena.

Alizima kinanda. Hakuweza kuinua macho kuelekea altare, maana aliapa mbele yake, na wapo waliomsikia.

Kama angetoka siku ile akaenda moja kwa moja Bagira, mambo yangekuwa mepesi zaidi. Hakwenda. Alijiambia atakwenda kesho. Kabla ya Jumapili akaja fundi mpya kutoka Nyawera, akabadilisha fishi moja, akazungushazungusha waya, akasema tayari. Jumapili Adalbert aliipandisha tena pedali juu ya kiti, nyuma ya pazia, na kinanda kiliimba kama ogani ya kanisa kuu. Baada ya misa watu walimpongeza fundi mpya kwa kumpiga begani.

"Mumeona?" mzee mmoja alisema. "Ilikuwa kamba kweli. Papa Adalbert alisema."

"Ulisema kweli, Papa," Eulalie naye alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Adalbert alifungua mdomo, kikatoka kicheko kidogo kisichokuwa na maana, akasingizia kwamba mkewe anamngoja.

Hivyo ndivyo uongo wake ulivyopata ushahidi. Jumapili baada ya Jumapili sauti ilikuwa imara, na kila ilipokuwa imara Polycarpe alizidi kuwa fundi mbaya. Habari zilishuka kilima zikafika Bagira. Mtu aliyetaka kuweka umeme nyumbani aliambiwa, usimuite huyo, courant yake inatetemeka. Adalbert alianza kukwepa njia ambazo wangeweza kukutana. Akimwona mtu yeyote mwenye bisibisi mfukoni, alivuka barabara. Sifa za watu zilimuuma kuliko matusi. Alikuwa akimaliza misa ameloa jasho kama mtu aliyebeba mawe.

Siku moja Anne-Marie alirudi sokoni akaweka kikapu chini kwa nguvu.

"Nimemuona bibi ya Polycarpe. Anauza sahani zake. Bwana yake ameshuka Luberizi kwa shemeji, kulima mupunga. Anasema tangu Pasaka hakuna mutu mwenye alimuita kwa kazi. Naye watamufuata na batoto."

Adalbert aliendelea kushona. Kisha akaacha. Cherehani ilipokaa kimya Anne-Marie aligeuka kumtazama, na alipouona uso wake akavuta kiti.

Alimweleza yote, macho yake kwenye kitambaa. Kiapo alikiacha mwisho. Anne-Marie alisikiliza, kisha akasema kitu ambacho mumewe hakukitarajia.

"Mguu yako? Adalbert, hata kwa kitanda mguu yako inashona. Tangu tulioana. Nilizoea."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningejua je kama ni mambo ya kinanda? Miye nakaa nyuma na bamama, naona pazia tu." Akasogeza kiti. "Sasa lakini unajua. Na muko wawili wenye kujua, na mwingine ni Mungu. Utashuka lini?"

Adalbert alipanda lori la chumvi lililokuwa likienda Uvira. Lilipita Nyangezi, likaanza kuteremka kwenye kona za Ngomo, na kwa kila kona Adalbert aliyapanga maneno yake upya. Angesema kwamba chombo kilikuwa kigeni. Angesema ni mazoea, si ubaya. Lori lilipofika uwandani, joto likamvaa usoni, na maneno yote aliyoyapanga yakaonekana kama nguo za mtu mwingine.

Huko Luberizi alielekezwa hadi kwenye mashamba ya mpunga. Polycarpe alikuwa amesimama ndani ya maji hadi ugoko, amekonda, ameungua na jua. Alimtambua Adalbert kwa mbali, lakini hakutoka majini. Adalbert alivua viatu, akakunja suruali, akaingia yeye.

"Habari ya hapa, Polycarpe."

"Nzuri, Papa. Kuna mufu?"

"Apana. Hakuna mufu." Maji yalikuwa ya vuguvugu, na tope likamshika vifundo vya miguu. "Ni mguu yangu. Ilikuwa mguu yangu. Kamba zako zilikuwa muzuri."

Polycarpe alichomeka mche mmoja wa mpunga kwenye tope.

"Niliona na macho yangu. Nikanyamaza. Wakasifu yule mwingine, nikanyamaza."

"Nilikuuliza," Polycarpe alisema mwishowe.

"Uliniuliza."

"Ukaapa."

"Niliapa."

Polycarpe alitazama mikono yake yenye tope. "Papa, unajua nilifungua ile ampli mara ngapi? Nyumbani nilichora ile laini kwa karatasi, nikaifuata na kidole, sikuona kosa. Nikasema, basi kosa iko kwa miye. Hapa shemeji radio yake ilikufa. Ni kitu kidogo, ni waya mumoja umeachana. Nilimuambia sijue. Nilikuwa naogopa kuishika." Aliinamisha mikono majini, akaisafisha. "Mutu akikuibia kitu, unajua umeibiwa. Weye ulinifanya nijiibie mwenyewe."

Adalbert alikuwa tayari kwa hasira. Kwa hilo hakuwa tayari. Alisimama pale na viatu mkononi, mtu mzima mwenye mvi, akilia mbele ya wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga upande wa pili, nao wakaacha kazi kutazama.

"Rudi na miye," alisema alipoweza. "Nitasema kwa padri."

"Hukunisema kwa padri, Papa. Ulinisema kwa uani, batu wote wakiwa wanasikia." Polycarpe akainama, akarudi kwenye mpunga wake. "Lori za kupanda zinapita mbele jua haijakuwa kali. Usichelewe."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Adalbert aliomba ruhusa. Padri Lucien, aliyekuwa amekwisha kuambiwa, alimwachia kipaza sauti. Adalbert hakukichukua. Alikwenda kwenye kinanda, akafungua pazia lake la lasi, akalikunja, akaliweka sakafuni. Akaweka pedali mahali pake, akaketi, akapiga ubeti mmoja wa Utukufu wa Pasaka. Kanisa zima liliona mguu ukienda na sauti ikiufuata, juu na chini.

"Hii ndiyo iliharibu Pasaka," alisema. "Siyo Polycarpe. Yeye aliniuliza, miye nikaapa uongo mbele ya altare, nikamutukana mbele yenu. Kazi yake ilikuwa safi tangu mwanzo. Museme vile kwa Bagira, kama vile mulisema ile ingine."

Alikuwa amejiandaa kwa manung'uniko. Kilichokuja ni kicheko. Kilianza kwa vijana, kikawapata akina mama, hata Eulalie aliziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Hawakucheka kwa ubaya; mguu ule ulichekesha kweli. Lakini Adalbert alitamani angalau wangekasirika kidogo. Mtu alikuwa amepoteza kazi na mji, nao walicheka, kisha wakaenda nyumbani kula. Eulalie peke yake alimjia baadaye, uso umebadilika, akasema, "Na miye nilicheka siku ile ya mazoezi. Ulipomusema." Akaondoka bila kungoja jibu.

Tangu siku hiyo jina lake Kadutu likawa Papa Pédale. Watoto waliliimba wakipita barazani. Wateja walilitumia bila kufikiri: nenda kwa Papa Pédale akupime. Anne-Marie lilimkera, akawafukuza watoto kwa ufagio. Adalbert aliitika. Aliona ni haki aitike.

Kinanda aliendelea kukipiga, bila pazia, mguu wa kulia ameufunga kwa utepe wa kitambaa kwenye mguu wa kiti, mbele ya macho ya watu wote. Alijifunza kutumia pedali polepole, kwa mguu wa kushoto, ambao haukuwahi kushona.

Polycarpe alirudi Bukavu shule zilipofunguliwa, na wateja wakamrudia, kwanza mmoja mmoja. Parokiani hakurudi, alikwenda kusali kwingine. Padri Lucien alimtumia funguo za kabati, naye akazirudisha kwa heshima. Walipokutana sokoni yeye na Adalbert, alisema, "Shikamoo, Papa," akapita. Hakuwahi kulitumia lile jina jipya.

Miaka miwili ikapita hivyo. Alasiri moja Adalbert alikuwa akifanya mazoezi peke yake kwa ajili ya maziko ya mama mmoja wa kwaya, na tangu asubuhi alikuwa amesumbuliwa na mngurumo uliokuwa ukitoka chini ya sauti. Alisikia hatua nyuma yake. Polycarpe aliingia, amebeba mfuko wake wa kazi, labda akitoka nyumba ya jirani. Hakusalimu. Alikwenda hadi kwenye ampli, akainama, akasikiliza, akaisogeza mbali na waya wa taa uliopita ukutani, akageuza fishi juu chini. Mngurumo ukaisha.

"Ilikuwa inanguruma," alisema.

"Tangu asubuhi," Adalbert alijibu.

Polycarpe akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko wake, akatoka. Adalbert alitaka kumwita, lakini uso wake ulikuwa umeanza kuwaka kama siku ile ya Pasaka. Alingoja hadi hatua zikaisha kwenye ngazi za nje. Kisha akaanza wimbo tena tangu mwanzo, taratibu, kwa sababu maziko yalikuwa kesho na sehemu ya pili alikuwa bado haijui.